Aliyecheka Nyuma ya Simu

Kilole, Korogwe
Alhamisi, alasiri

Mwanaidi, mama yangu,

Salamu tutapeana jioni mkirudi, kwa hiyo naziruka. Wewe na mama yako mko Bungu kumuaga bibi yako mzaa mama, na najua hamtashuka huko mlimani kabla hajawajazia mifuko maharage na iliki. Mimi nimekaa dukani. Umeme umekatika tangu saa sita, mashine ya fotokopi imepoa, na wateja wawili waliokuja nimewaambia warudi kesho. Kesho yenyewe sitakuwepo, nitakuwa stendi nakusindikiza, lakini nilishawajibu hivyo na sikuwa na nguvu ya kuwaita tena.

Naandika kwa mkono, ndiyo maana mwandiko ni huu. Hata umeme ungekuwepo ningeshika kalamu, kwa sababu nikichapa nitafuta. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Kila nilipolikaribia jambo lenyewe nilifuta ukurasa mzima, nikarudi kuchapa mitihani ya darasa la nne. Kwenye karatasi nikikata neno, utaliona chini ya mstari, na nimeamua uone hata niliyoyakata.

Mambo ya begi, vyeti, godoro na dawa ya mbu mama yako ameshakwambia mara tatu. Sina la kuongeza hapo.

Jana asubuhi uliniuliza kofia yangu iko wapi. Nikakujibu imepeperushwa na upepo nikiwa kwenye bodaboda. Ukacheka, ukasema ukifika Dar utaninunulia nyingine. Nilikudanganya, mama. Haikupeperuka. Nitakwambia iliko, lakini siwezi kuifikia hiyo kofia bila kupitia Jumapili, na Jumapili nayo ina kilichotangulia.

Jumapili mchana tulikuwa tunakula, ukaacha ugali unapoa. Wanafunzi wapya wa sheria mmewekwa kwenye kundi moja la WhatsApp kabla hata hamjaonana sura, na tayari mnabishana kama watu waliokaa pamoja miaka kumi. Ukatueleza kuwa mdahalo wa kuwakaribisha unakuja na mada mmeshapewa: sheria iwaadhibu watu kwa maneno yanayosambazwa mitandaoni, au watu waachwe waseme? Wewe umepangwa upande wa kuadhibu. Ulisimama kati ya meza na friji, mkono kiunoni, ukatuhutubia mimi na mama yako kana kwamba sisi ndio majaji. Nilikuwa najivunia. Nakwambia ukweli, mpaka pale nilikuwa najivunia tu.

Kisha ukasema una mfano, tena wa hukuhuku kwetu Handeni, mwenzako mmoja kautuma kwenye kundi lenu. Ukatoa simu ukaiweka ile video.

Sikuhitaji kuitazama. Naijua kila sekunde. Mzee mmoja amevaa koti la marehemu, amelala chali njiani kuzuia jeneza lisipite. Anapiga kelele: "Nimemuua mimi! Mimi mwenyewe! Nani atanifanya nini? Na huyo anayekitaka kiti chake ajiandae, zamu yake nimeshaipanga!" Halafu karibu kabisa na simu mtu anacheka, kicheko kikubwa cha tumboni, picha inatikisika, basi. Juu yake mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba mzee amekiri kumroga mwenyekiti wa kijiji.

Ukasema: "Huyu mzee alionewa. Wa kufungwa ni huyu anayerekodi. Msikie anavyocheka, baba, kama fisi! Mimi ningeanza na huyu." Ukanigeukia: "Au wewe unasemaje? Uko upande upi?"

Nikainuka, nikasema naenda kufunga banda la kuku. Ilikuwa saa nane mchana. Nikiwa uani nikakusikia unamwambia mama yako, "Baba hapendi mimi nisome sheria."

Mwanangu, anayecheka ni mimi.

Hukunitambua, wala sikulaumu. Wakati ule ulikuwa kidato cha pili, bweni, na uliporudi likizo ulinikuta nimeshakuwa huyu unayemjua, baba anayetabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ulidhani nimeanza kuzeeka. Mama yako, alipokusikia ukisema fisi, aliinamia sahani yake. Yeye anajua tangu mwanzo. Aliiona video kwenye simu ya dada yake, akaja hapa dukani, akanitazama, akasema "Rajabu," neno hilo moja tu, akaenda zake. Hatujaizungumza mpaka leo. Ndivyo tulivyoishi nayo miaka mitano.

Sasa nikueleze, maana wewe umekulia mjini na utani unaoujua ni wa kutaniana darasani.

Ukoo wa Mzee Mhina, huyo wa kwenye video, na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Maana yake, yeye ana ruhusa kwetu ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kuingia kwetu akachukua jogoo, akamla, na mimi sina pa kulalamika, nasubiri siku yangu nikachukue kwake. Anaweza kunitukana mbele za watu nami nikamtukana, na hakuna anayenuna. Tukikutana hatuamkiani shikamoo japo amenizidi miaka ishirini. Ananiambia, "Bado hujafa tu?" nami namjibu kwamba nasubiri nimzike yeye kwanza. Na msibani ndipo kazi yake hasa ilipo. Wafiwa wanapokuwa wamelia mpaka wameishiwa, mtani anakuja anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anaficha mwiko wa wapishi, anazuia jeneza, anajigamba kwamba yeye ndiye aliyeua. Watu wanacheka huku machozi hayajakauka. Sijui kama kitabu chenu cha sheria kina jina la kazi hiyo. Kwetu ilikuwa inatuvusha.

Baba yangu mdogo alipofariki, yule aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, nilikuwa nimekesha siku tatu nikimuuguza. Yeye ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Nilikuwa siwezi kula. Mzee Mhina akaja na lile koti, akaanza kutembea kama marehemu, tumbo mbele, akiita kikao cha kijiji na kuwaagiza akina mama wampe wali kwanza ndipo aruhusu mazishi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikatoa simu nikarekodi. Nikacheka, mama, nikacheka mpaka mbavu zikauma, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie nikahisi pumzi inashuka mpaka chini.

Nilirekodi dakika kama nne. Jioni nikataka kuituma kwenye kundi la ukoo, waione ndugu walioko Dar na Tanga ambao hawakuwahi mazishi. Bando langu lilikuwa dogo, video ikagoma kwenda. Basi nikaikata. Nikatoa mwanzo, ule wa wali na vigelegele na kikao, nikabakiza mwisho kwa sababu ndio ulionichekesha zaidi. Mikono hii hii inayoandika. Niliyoyatoa ndiyo yaliyokuwa yanamwambia mgeni kwamba hapa watu wanataniana. Sikuwaza mgeni. Kwenye kundi lile hakukuwa na mgeni hata mmoja, wote wanajua Mzee Mhina ni nani kwetu, na wote walijibu kwa vicheko.

Nani aliitoa nje sijui, wala sikutafuta. Labda binamu mmoja alimtumia mkewe, mkewe akamtumia shoga yake. Siku ya nne mteja aliyekuja kulaminisha kitambulisho alinionyesha hapahapa kwenye kaunta, ikiwa na ile mishale miwili ya kuonyesha imeshatumwa mara nyingi, na yale maandishi makubwa juu yake. Akaniuliza, "Umeiona hii, mzee? Wachawi siku hizi wanakiri hadharani." Nikamjibu sijaiona. Nikamlaminishia kitambulisho chake akaenda. Kisha nikafungua kundi la ukoo nikabonyeza kufuta kwa wote, simu ikaniambia muda wa kufanya hivyo umepita.

Aliyekuwa anakigombea kiti cha uenyekiti aliiona, akaogopa, akaenda kuripoti. Simlaumu sana. Mtu ametajwa kwamba zamu yake imepangwa, na alikuwa mgeni kijijini, hajui habari za koo zetu. Mzee Mhina akachukuliwa na polisi. Alipokuwa kule, usiku wa pili, watu wakaenda kwake wakachoma kihenge. Mahindi yote ya mwaka ule yaliyokuwa humo yakateketea, na mkewe akakimbilia kwa majirani amebeba Kurani na redio. Waliochoma hawakuwa wageni wote. Wengine walikuwepo msibani na walicheka kama mimi, lakini video ilipowarudia ikiwa na yale maandishi wakaanza kujiuliza kama kweli walikuwa wanacheka.

Na sasa nafika pale nilipokuwa nafuta.

Siku ya tatu tangu mzee achukuliwe, alikuja hapa dukani Athumani, mtoto wa kwanza wa Mzee Mhina, mtu mzima mwenye familia yake. Hakuja kwa sababu ya video. Alikuja kwa sababu mimi ni mtani wao, na mimi ndiye mchapaji wanayemjua Korogwe. Alitaka barua ya kuomba baba yake aachiwe. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, akawa ananitajia maneno nami nachapa. Akasema afande aliyemhoji baba yake hakuwa mtu mbaya. Utani anaujua, hata kwao upo, lakini alisema mbele yake kuna karatasi ya sheria, na kwenye karatasi ile hakuna mahali pameandikwa utani. Tukaendelea. Mimi nikamrekebishia sentensi mbili tatu zikae vizuri. Halafu Athumani akasema, "Andika hivi: aliyerekodi hajulikani."

Nikaandika. Aliyerekodi hajulikani. Nikaweka nukta. Nikachapisha nakala tatu, nikazipiga muhuri wa duka, nikazibana kwa pini. Alipotaka kunilipa nikakataa, na akaniombea dua, akasema Mungu anilipe kwa wema wangu.

Ningeweza kusimama pale pale. Ilikuwa ni kwenda naye kituoni na kusema: mimi ndiye niliyerekodi, mimi ndiye niliyeikata, hii hapa nzima, dakika nne, itazameni. Nilikuwa nayo mfukoni. Video nzima ilikuwa kwenye simu yangu, Mwanaidi, na ingemtoa mtani wangu siku ile ile. Niliogopa. Niliogopa kufungiwa duka, niliogopa ada yako, niliogopa watu wa Kilole wasije wakanipita bila salamu. Zote ni sababu za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa kubwa kuliko mzee aliyelala sakafuni mahabusu kwa ajili yangu. Usiku ule nikaifuta ile ya dakika nne. Hiyo nayo uijue.

Walimwachia siku iliyofuata kwa onyo. Hatashtakiwa, wakasema, lakini achunge mdomo wake. Na akauchunga.

Uliniuliza niko upande upi, na jibu langu la kweli ni kwamba nimechoka kulitafuta. Nikisema sheria iwe kali, namwona yule afande na karatasi yake, na naona kwamba sheria ilipokuja ilimkuta mwenye mdomo, mwenye simu ikampita. Nikisema basi watu waachwe waseme na watume wanachotaka, naona kihenge kinaungua na mama wa watu anakimbia na redio. Mwenzako wa upande wa pili atasimama aseme maneno hayaui. Usimwamini moja kwa moja. Lakini na wewe ukisimama kusema adhabu italeta usalama, kumbuka kwamba baada ya lile onyo hakuna aliyetunga sheria ya kukataza utani kwetu, hakuna tangazo lililobandikwa ofisi ya kijiji. Uliisha wenyewe. Watani wa koo zingine nao walianza kufika msibani na kukaa kwenye mkeka kama wageni wengine, macho yao kwenye simu za vijana. Wakati mwingine nafikiri kosa lilikuwa la kile chombo, kwamba kinabeba neno la uani na kulitua barabarani bila kusema limetoka wapi. Halafu nakumbuka kwamba mkasi niliushika mimi. Utasoma miaka minne, labda utaona njia. Mimi nimelizungusha kichwani miaka mitano na bado liko pale pale.

Mwaka jana tulipomzika mama yangu, yule uliyechukua jina lake, ulikuwepo. Ulinikumbatia jioni ukaniambia, "Baba, mazishi ya bibi yalikuwa ya heshima, yametulia." Nilikushukuru. Hukujua kilichokosekana, ungejuaje? Mzee Mhina alikuja, na fimbo, amevaa kanzu safi. Akanipa mkono, akaniambia, "Pole sana, ndugu yangu." Ndugu yangu! Kama mtu wa benki. Akakaa kwenye mkeka, akaitikia dua, hakugusa mwiko wala koti la mtu. Mama yangu aliyekuwa akimwita mwizi wa kuku kwa miaka arobaini akaenda kaburini bila tusi hata moja. Hakuna jambo lililowahi kuniuma kama utulivu ule.

Nilimfuata barabarani alipokuwa anaondoka. Nikamwambia, "Mtani, ile video..."

Akasema, "Nilijua siku ileile. Walinionyesha kule kituoni nikasikia mtu anacheka. Kicheko chenu nakijua toka kwa babu yako, mnacheka kama mnakohoa."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo sokoni. "Ningekutaja vipi, wewe mtani wangu?"

Nikamwambia aje Korogwe, aingie kwangu achukue chochote, hata mashine ya fotokopi, abebe. Ndivyo makosa ya watani yanavyomalizwa, anachukua kitu kwa aliyemkosea na yanaisha. Akatikisa kichwa. "Sitaki kitu chako," akasema, taratibu, kwa adabu. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichofanya. Nimeishi na jibu hilo mwaka mzima na sikumwambia mtu.

Kisha Jumapili ukaiweka video mezani.

Jumanne niliwaambieni nakwenda Tanga kununua wino. Sikwenda Tanga. Nilipanda gari la Handeni, nikashuka njia panda, nikachukua bodaboda mpaka kwake. Nilimkuta anapukuchua mahindi chini ya ukuta wa nyumba. Akaniitikia salamu kwa heshima zake zote, akaniletea kigoda, na mkewe akaleta maji. Nikamwambia mwanangu anakwenda kusomea sheria, na kwamba anataka kusimama mbele za watu ausimulie mkasa wake kama mfano, na kwamba hajui baba yake yumo. Nikamwambia sijaja kuomba msamaha maana ule alishanijibu. Nimekuja kumuuliza kama anaruhusu jambo lake lisemwe.

Akapukuchua mahindi mawili, matatu. Kisha akasema, "Huyo binti ni yule aliyechukua jina la mama yako? Yule mwembamba?" Nikasema ndiye. "Aseme. Lakini asinitaje mimi peke yangu kama yatima. Amtaje na aliyecheka. Na aseme na wali. Watu wote wanasema nimesema nimeua, hakuna anayesema kwamba niliomba wali na mkaninyima."

Nilimwambia nitakwambia. Na sasa nimekwambia, pamoja na wali.

Kwa hiyo ukisimama kwenye huo mdahalo, usiseme "mtu mmoja alirekodi". Nimeshaichapa sentensi ya namna hiyo mara moja katika maisha yangu na nakuomba usinirithi hapo. Sema ni baba yangu, ana duka la fotokopi Korogwe, aliikata kwa sababu ya bando, akanyamaza kwa sababu ya woga. Ukiona aibu, subiri mpaka uweze, au tafuta mfano mwingine. Sitakuuliza. Na ukishajua haya ukaamua kwamba bado ungeanza na mimi, sema vilevile. Pengine uko sahihi. Nisichotaka ni wewe kushinda kwa hadithi ambayo mimi nimeikata tena.

Kuna wakati nilikuwa nafikiri mzazi anamwachia mtoto yale aliyofaulu. Mimi niliyofaulu ni machache na unayaona: duka, nyumba ya vyumba vitatu, wewe. Hili lilikuwa limejificha nyuma yao, na lingekusindikiza mpaka Dar bila wewe kujua, likicheka kwenye simu za wenzako.

Jua linashuka, karibu mtafika. Nimalizie kofia.

Nilipoinuka kuondoka pale kwa Mzee Mhina alinisindikiza mpaka kwenye mwembe wa jirani ambako dereva wa bodaboda alikuwa ameegesha. Nikapanda. Nikampa mkono, tukaagana kwa upole kama tulivyofanya mwaka jana, na moyo wangu ukawa mzito vilevile. Dereva akawasha pikipiki. Hapo mzee akanyoosha mkono akaninyakua kofia kichwani, akaivaa yeye, juu ya ile yake. Ilimkaa vibaya, ikamwangukia sikioni.

"Nenda," akasema. "Kichwa chenyewe kama kibuyu, kofia ya nini?"

Sikuweza kumjibu inavyotakiwa. Nilikuwa nimesahau tusi linaanzia wapi, miaka mitano bila mazoezi. Tulipofika mbele, dereva akageuka kuniuliza kama nimepaliwa, nikamwambia hapana, endesha.

Barua hii nitaiweka ndani ya ile bahasha ya vyeti vyako, chini ya cheti cha kuzaliwa, uikute ukifika. Kesho stendi utaniona kichwa wazi mbele za watu, na mama yako atanigombeza kwamba nakuaibisha. Ukisoma hapa utajua kwa nini. Na ukifika huko Dar usininunulie kofia nyingine, mama. Niliyonayo inavaliwa.

Baba yako,
Rajabu